Sufuria ya mvuke ya umeme: isome geji kabla ya kuwasha

Sufuria kubwa ya mvuke ikianza kuchelewa kuchemsha, jikoni pa shule ya bweni, hospitali au hoteli, lawama ya kwanza huangukia hita. Mara nyingi hita ni nzima na tatizo liko kwenye koti. Koti ni ule uwazi uliozibwa kati ya kuta mbili za chuma cha pua. Humo mna maji kidogo. Hita inayachemsha, mvuke unapanda na kugusa ukuta wa ndani, unaachia joto lake kwa chakula, unageuka maji na kutiririka chini kuchemshwa tena. Mzunguko huo haupotezi tone wala hauingizi hewa, maadamu koti ni zima. Kwa hiyo matengenezo yote yanaanzia hapo, na kifaa cha kulichunguza koti tayari kimefungwa kwenye sufuria: geji ya presha.

Isome asubuhi, sufuria ikiwa baridi kabisa na kabla hujawasha. Sindano inatakiwa iwe chini ya sifuri, kwenye sehemu ya ombwe. Mvuke wa jana umeshageuka maji, na kama hewa haikuingia, juu ya maji hayo hapajabaki kitu. Dar es Salaam au Mombasa, koti zuri linaweza kushuka hadi inchi 28 za zebaki (kipimo cha ombwe) chini ya sifuri. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo geji ikisoma 23 koti liko sawa na halihitaji kuguswa. Fundi anayefuata namba za kitabu bila kujali mwinuko atahangaika bure. Sindano ikisimama kwenye sifuri wakati sufuria ni baridi, kuna hewa ndani, au geji imekufa.

Hewa ina madhara gani? Geji inaposoma bar 1 na ndani ni mvuke mtupu, joto la koti ni nyuzi 120 za Selsiasi. Robo ya presha hiyo yote (pamoja na ile ya hewa ya nje) ikiwa ni ya hewa iliyonaswa, geji bado itasoma bar 1, lakini joto ni nyuzi 111 hivi. Swichi ya presha haijui tofauti. Inakata umeme ikidhani kazi imekwisha. Tena hewa hujikusanya sehemu moja na kuukinga ukuta usiguswe na mvuke, ndiyo maana utaona maji yanatokota upande mmoja wa sufuria huku upande wa pili umetulia. Mpishi anaongeza moto, uji unashika ukoko pale penye joto, na maharage ya upande wa pili hayajaiva.

Kutoa hewa kwenye koti ni kazi ya dakika chache. Vaa glovu ndefu za joto na miwani, hakikisha hakuna mtu mbele ya mdomo wa vali ya usalama, kisha:

1. Acha sufuria tupu, kwa sababu maji au chakula ndani yake vitanyonya mvuke na presha haitapanda. Hakikisha taa ya maji pungufu haijawaka.
2. Washa hadi geji ifike kati ya bar 0.3 na 0.7. Usiondoke hapo, sufuria tupu haiachwi ikiwaka peke yake.
3. Vuta mkono wa vali ya usalama kwa sekunde moja au mbili, achia, ngoja kama sekunde tano, vuta tena. Mara nne hadi nane zinatosha. Ukivuta kwa muda mrefu unatoa maji ya koti pamoja na hewa.
4. Zima, acha ipoe yenyewe hadi siku ya pili, kisha soma geji.

Kama kitabu cha mtengenezaji kinataja presha nyingine au idadi nyingine, fuata kitabu. Ombwe likirudi na kudumu wiki nzima, kazi imeisha. Likirudi na kupotea ndani ya siku mbili tatu, kuna mahali panapovuja, na kutoa hewa kila Jumatatu hakutaponya. Anza kutafuta kwenye kikalio cha vali ya usalama, halafu maungio ya geji, kioo cha kuonyesha maji, gasketi ya hita na kifundo cha elektrodi (kijiti kinachohisi maji ya koti). Njia ya uhakika ni kukata umeme, kujaza koti hewa ya kompresa kwa presha isiyozidi nusu ya ile iliyoandikwa kwenye vali ya usalama, na kupaka povu la sabuni kila kiungo kikiwa baridi. Penye kiputo ndipo.

Uvujaji huohuo ndio unaomaliza maji. Koti halili maji kama redieta ya gari la zamani. Likipungukiwa, yamepitia mahali. Taa nyekundu ya maji pungufu ikiwaka huku sufuria imesimama wima, zima na usijaribu kuiwasha tena "mara moja tu". Hita iliyo nje ya maji huungua upesi.

Kuongeza maji: zima swichi kuu, weka kufuli, ngoja sufuria ipoe. Kama geji inaonyesha ombwe, vuta vali ya usalama taratibu ili hewa iingie, la sivyo plagi itagoma kufunguka au itafyonza uchafu. Fungua plagi ya kujazia na mimina kwa faneli hadi katikati ya kioo, au hadi alama ya mtengenezaji. Zungushia nyuzi za plagi tepu ya bomba, kaza, kisha toa hewa kama ilivyoelezwa, maana umeshaiingiza.

Maji ya bomba hayafai hata kidogo. Chokaa yake inaganda kwenye hita na kuifanya iungue, na kloridi inatoboa chuma cha pua vitundu vidogo ambavyo havizibiki kwa urahisi. Tumia maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri kama maji ya betri, lakini soma chupa vizuri kwa sababu asidi ya betri huuzwa kaunta hiyohiyo. Changanya na dawa ya kuzuia kutu aliyoitaja mtengenezaji, kwa kipimo chake. Baadhi yao wanataka pH ya kati ya 10.5 na 11.5, kitu unachoweza kupima kwa karatasi ya pH. Dawa hiyo ina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui. Elektrodi ya kuhisi maji hufanya kazi kwa kupitisha umeme kidogo ndani ya maji, na maji matupu yaliyokenekwa hayapitishi umeme vizuri. Koti linaweza kujaa na taa nyekundu ikabaki inawaka. Hapo watu hubadilisha elektrodi, kisha saketi yake, wakati kilichokosekana ni dawa. Kulanti ya gari isikaribie mashine hii. Nyingi zina ethilini glikoli, ambayo ni sumu, na tundu moja dogo kwenye ukuta wa ndani litaifikisha kwenye chakula cha watoto.

Kuhusu vali ya usalama hatuna mjadala. Haikazwi ili isimamishe kuvuja, mdomo wake hauzibwi, na bomba lake la kutolea mvuke lielekezwe chini karibu na sakafu. Ikitona, toa hewa mara moja uone kama uchafu kwenye kikalio utaondoka. Isipoacha, nunua mpya yenye presha na uwezo uleule ulioandikwa kwenye kibati cha ya zamani.

Sasa umeme. Kama geji ya baridi ni nzuri na bado sufuria inachelewa, pima kabla ya kununua chochote. Chukua mfano wa sufuria ya kilowati 18 ya fezi tatu, volti 400. Kila waya wa fezi uvute takriban ampea 26. Fezi moja ikisoma sifuri, fyuzi imekatika, mguu wa kontakta (swichi inayopeleka umeme kwenye hita) umeungua au hita moja imekufa. Fezi nzima ikipotea, bila nyutro kwenye kundi la hita, nguvu hushuka hadi nusu, na lita 100 zilizokuwa zikichemka kwa dakika 35 hivi zitachukua zaidi ya saa moja. Volti ikiwa ndogo nayo inauma kuliko inavyodhaniwa: kwenye volti 360 badala ya 400, nguvu inayobaki ni asilimia 81, na hakuna fundi wa jiko atakayeirekebisha.

Kupima hita zenyewe, kata umeme, funga swichi kwa kufuli, hakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme, kisha chomoa nyaya zake. Hita ya kilowati 6 iliyotengenezwa kwa volti 230 isome karibu omu 8.8, ya volti 400 isome karibu 26.7. Isiyosoma kitu imekatika. Halafu pima kwa mega (mita ya kupima kama umeme unavuja) ya volti 500 kati ya hita na bodi ya sufuria. Chini ya megaomu 1 usiirudishe kazini. Fundi umeme akaze skrubu zote za nyaya mara moja kwa mwaka, na wiki chache baada ya sufuria mpya kufungwa, kwa kuwa waya uliolegea hupata moto na kuunguza kontakta. Waya uliogeuka rangi karibu na skrubu ukatwe upya, usikazwe tu.

Vali ya kutolea chakula ifunguliwe na kuoshwa kila siku, kwa brashi ya mpini mrefu. Mashine zenye vali za chuma kwa chuma, kiini na mwili wake vimesagwa pamoja. Ukiwa na sufuria mbili usichanganye viini, vitavuja. Za ringi ya mpira, badilisha ringi inapopasuka. Grisi iwe ya mashine za chakula, hapa na kwenye gia ya kuinamishia sufuria.

Ndani ya sufuria, chumvi itiwe maji yakishachemka na ikorogwe, kwa sababu chembe zilizolala kwenye chuma kilichopoa hula vitundu. Dawa ya klorini isilazwe humo usiku. Stili wuli iachwe kabisa. Inabakiza vipande vinavyopata kutu. Ukoko uloweke kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na chokaa itolewe kwa siki au asidi ya sitriki kisha suuza. Boksi la swichi lipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, bila kupigwa mpira wa maji, hata kama sakafu nzima inaoshwa.

Shule zikifunga kwa mwezi mzima, unga wa ndani ya hita hunyonya unyevu, na siku ya kufungua breka ya kinga, ile inayokata umeme unapovuja, inaanguka. Pima kwa mega wiki moja kabla ya wanafunzi kurudi. Ikisoma chini, hita itolewe ikaushwe kwenye oveni ya joto la wastani, ipimwe tena, na irudishwe kwa gasketi mpya; isipopanda, bado una siku za kuagiza nyingine.