Kabla hujamrusha mtoto darasa, mpime hivi

Mtoto akiwa kipanga kila mtu ana lake, mwalimu anasema arushwe, bibi anasema aachwe akue na wenzake, na wewe mzazi uko katikati hujui umsikilize nani. Mi nasema msibishane kwanza, mpimeni, ila mjue mnapima nini maana hapo ndo wengi tunapokosea.

Ukisema kupima watu wanawaza IQ tu, yaani kiwango cha akili. Kipimo kama WISC-V, ambacho ni cha watoto wa miaka 6 hadi 16, kinafanywa na mwanasaikolojia akikaa na mtoto ana kwa ana, wastani wake ni 100 na mtoto akipata 130 yuko kwenye ile asilimia 2 hivi ya juu kwa umri wake. Ni kizuri, lakini hakikwambii kama anajua kugawanya desimali. Na ile namba moja ya jumla usiishie nayo, soma ripoti yote, kuna mtoto kwenye lugha yuko juu kabisa halafu kasi ya kuandika ni ya kawaida tu, huyo atachoka mkono kabla ya kichwa.

Kwangu mimi kipimo chenye uzito ni mtihani wa darasa la juu. Mtoto akipata 98 kwenye mtihani wa darasa lake umejua tu kwamba mtihani umekuwa mdogo kwake, hujajua anafika wapi. Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins miaka ya 1970 aliwapa watoto wa kama miaka 13 mtihani wa SAT, ule wa vijana wanaotaka kuingia chuo kule Marekani, na watoto ambao darasani wote walikuwa wa juu wakaachana mbali sana. Kwa hiyo kama anatoka la tatu kwenda la tano, omba mtihani wa kufunga mwaka wa la nne, afanye, halafu kaa na makosa yake moja moja. Ameulizwa nusu kujumlisha na theluthi akaandika 2/5, hapo usikimbilie kusema hawezi, pengine hajawahi kufundishwa. Muelekeze mara moja, mpe nyingine mbili, akizikamata basi hilo ni pengo la kuziba kwa muda mfupi, asipokamata hata baada ya kurudia ujue kuna kitu cha kusubiri.

Siku yenyewe alale vizuri, ale, asiwe na homa, na kama macho au masikio yana shida yaangaliwe kabla. Usimkaririshe maswali ya kipimo, na kama alishafanya hichohicho karibuni mwambie anayempima, maana kurudia kunapandisha alama za uongo. La muhimu kuliko yote hapa, mwambie mtoto kwamba maswali yataendelea kuwa magumu mpaka mengine yamshinde, ndivyo kilivyotengenezwa. Mtoto aliyezoea kupata yote anaweza kulia kabisa kwenye swali la kwanza asilolijua na baada ya hapo hapimiki tena.

Kabla hujalipa hela yoyote uliza shule kama wanapokea kipimo cha nje na nani mwenye uamuzi wa mwisho. Kuna mwongozo unaitwa Iowa Acceleration Scale ambao shule na wazazi wanaujaza pamoja, na humo mtoto mwenyewe asipotaka, au kaka au dada yake akiwa kwenye darasa analoingia, haishauriwi kumrusha hata kama alama ni za juu vipi. Naukubali kabisa. Muulize akiwa peke yake, bila mwalimu, na umpe siku kadhaa za kufikiri, maana jibu la papo hapo mara nyingi ni la kukufurahisha wewe.

Akikubali, pangeni wiki kadhaa za majaribio na muandike kabisa ni mwalimu gani mtoto atamfuata siku akizidiwa.