Askari wa Tabora kwa waya wa mota

Kazi yangu ni kusuka upya mota zilizoungua, hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. Mchana meza yangu inabeba mota ya pampu au ya kinu cha mahindi. Usiku meza hiyohiyo ni uwanja wa mchezo wa Vita vya Kwanza vya Dunia, miaka ya 1914 hadi 1916, na juu yake wanatembea askari wa plastiki wa sentimita mbili na nusu. Nimeunda karibu mia mbili kwa mkono wangu, na nataka kukuonyesha njia, kwa sababu mimi nilipoanza sikuwa na wa kumuuliza.

Ninaowatafuta ni askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji katika koloni la Kongo, waliopigana na Wajerumani na kuingia Kigali mwezi wa tano 1916 na Tabora tarehe 19 mwezi wa tisa mwaka huohuo, chini ya jenerali Tombeur. Wapo wanaouzwa tayari. Visanamu vya metali vya milimita 28 alivyochonga Mark Copplestone kwa kampuni ya Foundry ni vizuri sana, na askari wa Force Publique wamo. Lakini metali ni nzito, na kila gramu inalipiwa kutoka Bulaya mpaka huku. Kwa hiyo mimi nilichagua plastiki laini ya kipimo cha 1/72, yaani kila kitu ni kidogo mara 72 kuliko chenyewe, wanayotoa kampuni za HäT, Zvezda, Italeri na nyingine. Sanduku moja lina watu arobaini au zaidi, na lina uzito wa kipande cha sabuni. Jirani yangu anayefanya biashara Lusaka huniletea kwenye begi lake kupitia mpaka wa Kasumbalesa, mawili matatu kwa safari.

Usitafute jina kwenye sanduku, tazama mwili. Mwanajeshi wa taifa lolote atakufaa kama ana blauzi fupi isiyo na mikia, suruali pana, bunduki ndefu, na hajajazwa mizigo mgongoni. Kofia na miguu tutavibadili. Na usitengeneze kalibu ya kunakili kisanamu cha mtu. Mji huu umejaa watu wanaojua kumimina metali, kwa hiyo kishawishi kipo, lakini aliyekichonga anakula kwa kazi hiyo kama mimi ninavyokula kwa mota.

Kabla ya kisu, osha. Plastiki hii hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Askari wangu 24 wa kwanza sikuwaosha, nikawapaka rangi wiki nzima, na siku ya kwanza ya kucheza rangi ilibaki vidoleni mwangu kama maganda ya kitunguu. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki uliochakaa, kisha waache wakauke usiku kucha. Baada ya hapo wapake gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa kwa maji, safu moja nyembamba, ndipo rangi ipate pa kushika. Rangi ya kupuliza ya magari iache kabisa. Nilijaribu mara moja na visanamu vilibaki vinanata kwa miezi.

Sasa fezi, yaani tarbushi nyekundu. Kichwa kwenye kipimo hiki kina upana mdogo sana, na kuchonga fezi ndogo kwa mastiki, ile ya kuzibia nyufa, kunachosha macho. Siku moja nilikuwa navua ganda la waya wa umeme wa milimita moja ya mraba, rangi nyekundu, nikaona kipande kilichoanguka mezani. Ilikuwa fezi! Upana milimita mbili na nusu hivi, na tundu tayari katikati. Kata kofia ya kisanamu kwa wembe mpaka juu ya masikio. Toboa kichwa kwa sindano iliyopashwa moto, chomeka waya wa shaba wa milimita 0.5, kata ganda kwa urefu wa milimita mbili, livishe juu ya waya, kisha ziba tundu kwa tone la gundi. Gundi za dukani hazishiki vizuri plastiki hii laini. Kinachoshikilia ni huo waya, kwa hiyo usiuruke hata ukiona haraka. Fungua dirisha unapopasha, maana moshi wa plastiki ni mbaya kwa kifua.

Miguu: askari wa Kongo alitembea pekupeku. Nyoa viatu, kata kisigino, kisha kwa ncha ya wembe chora mistari minne midogo ya vidole. Kiunoni alifunga mshipi mwekundu wa kitambaa, na huo nautengeneza kwa karatasi ya sigara iliyolowa gundi nyeupe, ikizungushwa mara mbili.

Kwa upande wa Wajerumani kazi ni nyingine, na hapo mota zinanisaidia zaidi. Askari wao walifunga vitambaa miguuni kuanzia kifundo mpaka chini ya goti. Chukua waya wa kusukia wa milimita 0.3, ule wenye vanishi, uuzungushe kwenye mguu bila kuacha nafasi, kama unavyosuka koili, kisha chomeka ncha ndani ya plastiki nyuma ya mguu. Kijana anayejifunza kazi kwangu alinikuta nikifanya hivyo akasema, "Vieux (mzee), na huyu naye ameungua?" Siku hizi yeye ndiye anayewafunga, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu.

Rangi. Mwaka 1914 Force Publique walivaa bluu na fezi nyekundu, na kaki ikaingia vita vikiendelea. Kwa kikosi cha 1915 nawachanganya bila woga: wengine bluu, wengine kaki, mmoja blauzi ya bluu na suruali ya kaki. Bluu isiwe mpya. Nguo iliyofuliwa mtoni na kuanikwa juani inakwenda kwenye kijivu, kwa hiyo tia kijivu. Mimi nilipata mabaki ya bluu kwa mchoraji wa vibao vya maduka. Ngozi usiipake nyeusi tupu, tafadhali. Hakuna mtu wa rangi hiyo, na uso unapotea. Changanya kahawia na bluu kidogo, tengeneza vikombe vitatu vyenye tofauti, kisha gusa mashavu na pua kwa kahawia iliyotiwa njano ya udongo. Ukifanya hivyo utaona kila mmoja anakuwa mtu.

Bunduki yao ya zamani ilikuwa Albini ya milimita 11, risasi moja kwa kila kupakia, baruti ya moshi. Nikicheza, kikosi kilichofyatua kinawekewa pamba mbele, na zamu inayofuata hakioni vizuri.

Nimefika kwa wapagazi, na hapa nitakaa, kwa sababu ndio wanaosahaulika kwenye meza za watu wengi. Vita ile ilibebwa vichwani. Kwa upande wa Kongo peke yake walihitajika wapagazi zaidi ya 200,000, na wengi hawakurudi. Meza yenye askari sitini na wapagazi wanne ni ya uongo. Kwangu, kila askari ana mpagazi mmoja angalau, na kikosi kisicho na wapagazi hakisogei. Nawatengeneza kutoka kwenye Wazulu wa Italeri: toa ngao, kata mkuki, pasha bega kwenye maji ya moto, inua mkono mpaka mzigoni, kisha uzamishe kwenye maji baridi ubaki hivyo. Mapambo ya Kizulu yanyolewe yote, na kiunoni funga kitambaa cha karatasi. Sanduku la risasi ni kipande cha mbao cha milimita nane. Kwa magunia nilianza na maharagwe yaliyofungwa karatasi, yakapendeza sana, mpaka fukusi walipotoboa na kutoka. Tumia mastiki.

Jeshi hilohilo la Force Publique, tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1941, liliwafyatulia risasi wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliogoma, katika mji huu ninaokaa. Kwa hiyo siwapaki dhahabu wala siwasimamishi kama mashujaa wa sanamu. Nawapaka vumbi.

Na ukiwa mtu wa Katanga, anza na mchezo wa nyumbani. Mwezi wa saba 1915 mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilipita hapa kwa treni kutoka Cape Town, zikashushwa Fungurume, zikavutwa porini kwa mashine za mvuke, ng'ombe na mikono ya watu, zikielekea ziwa Tanganyika. Mashua ilikuwa na urefu wa mita 12 na kidogo, maana yake sentimita 17 mezani. Nilichonga yangu kwa mti laini, jioni mbili. Hakuna adui katika mchezo huo. Kuna mlima, maji yanayopungua kwenye mashine, madaraja ya magogo, na siku zinazohesabiwa.

Vitako natumia washa za chuma, yale mabati ya duara yanayowekwa chini ya nati, ili kisanamu kisianguke. Juu yake gundi nyeupe, kisha udongo mwekundu uliochujwa kwa soksi ya nailoni, na nyuzi tatu za ufagio ziwe nyasi. Udongo uchukue kiangazi, ukauke juani siku mbili. Wa masika una ukungu, na ukungu hupanda mpaka miguuni.