Friji Ndogo Bwenini: Kwanza Uliza Bwalo Linafungwa Lini

Viza ikishapatikana huja orodha ndefu ya vitu vya chumbani, na karibu kila mwaka kuna mwanafunzi anayekuja Marekani ambaye huniuliza swali hilihili: ninunue friji ndogo au niache? Wengi huwa wameshapiga hesabu ya maziwa, matunda na maji baridi. Mimi huwarudisha kwenye kalenda ya chuo. Siku za kawaida friji ya bwenini haina kazi kubwa. Kazi yake inaonekana siku ambazo bwalo limefungwa.

Vyuo vingi humlazimu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayelala bwenini kulipia mpango wa chakula. Maana yake unakula bwaloni mara mbili au tatu kwa siku chakula ambacho pesa yake imeshatoka, na kila unachonunua na kukijaza kwenye friji ni pesa nyingine juu yake. Nimewahi kuona friji iliyomaliza muhula mzima ikiwa na chupa mbili za maji na limau lililokauka.

Sasa fungua kalenda. Sikukuu ya Shukrani huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, kisha inakuja likizo ya Krismasi ambayo kwenye vyuo vingi huchukua wiki kadhaa, halafu wiki moja ya mapumziko karibu na Machi. Wenzako Wamarekani wanakwenda kwao. Wewe nauli ya kuvuka bahari kwa siku nne huna, na hata ungekuwa nayo ungeimalizia angani. Novemba yangu ya kwanza tulibaki watu watatu kwenye ghorofa nzima. Bwalo lilifungwa Jumatano mchana hadi Jumapili jioni, na Alhamisi maduka ya karibu nayo yakafunga. Nilikuwa na mkate, na maziwa ambayo niliyaweka nje ya dirisha ili yapate baridi. Ijumaa asubuhi yalikuwa jiwe. Mchana jua likapiga kioo, yakayeyuka. Jioni nikayamwaga kwenye sinki, nikala mkate mkavu. Kwa hiyo chukua kalenda ya bwalo, hesabu siku utakazobaki bwenini huku limefungwa, na uulize kama ghorofani kuna jiko la pamoja lenye friji. Kama jiko lipo na siku zenyewe ni chache, unaweza kuishi bila friji yako.

Kwa aliyefunga Ramadhani hesabu inabadilika, kwa sababu mabwalo mengi huwa hayajafunguliwa saa ya daku. Viko vyuo vinavyokuruhusu kubeba daku jioni, lakini chakula hicho hakiwezi kulala mezani hadi alfajiri. Chakula kilichopikwa kikikaa zaidi ya saa 2 nje ya baridi si salama tena.

Mwenye dawa inayotaka baridi hana haja ya kujadili. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na ikiganda hata mara moja haifai tena, hivyo isiguse kabisa sehemu ya barafu. Usiikabidhi kwa friji ya jiko la pamoja ambayo kila mtu anaifungua. Andikia mapema ofisi ya chuo inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu. Najua wengi wetu hatupendi jina hilo, lakini sheria za Marekani zinakitambua kisukari humo, na ofisi hiyo ndiyo inayoweza kukuombea ruhusa hata pale bweni linapokataza friji.

Ukishaamua unaihitaji, usilipe kabla ya kusoma kanuni za bweni. Ukubwa hupimwa kwa futi za ujazo, na futi moja ni kama lita 28. Mabweni mengi huweka kikomo kati ya futi 3 na 5, na mengine hutaja pia kiasi cha umeme kwa ampia. Takwimu zote mbili utazikuta kwenye kibandiko cha friji. Mara nyingi inatakiwa ichomekwe moja kwa moja ukutani, kwa sababu ekstensheni za kawaida zimepigwa marufuku kwa hofu ya moto. Angalia pia kama chumba kimeshawekewa friji, au kama chuo kinakodisha kwa mwaka. Mgeni asiye na mahali pa kuweka vitu wakati wa kiangazi, naona kukodi kunamfaa zaidi.

Halafu mwandikie mwenzako wa chumba, kwa kuwa friji mbili kwenye chumba kimoja ni hasara tupu. Msichangie kuinunua. Mmoja anunue friji, mwingine anunue kitu kingine cha pamoja, ili mwaka wa masomo ukiisha Mei kila kitu kiwe na mwenyewe. Na isikae karibu na kichwa cha mtu: kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya kupoza, huwaka na kuzima usiku kucha, na chumba kikishatulia utaisikia vizuri mno.

Jihadhari na zile mashine ndogo sana za kupozea vinywaji zisizo na kompresa. Hushusha joto kulingana na joto la chumba, na kikipata joto hazifiki nyuzi 4, ambazo maziwa na nyama vinahitaji. Hata friji yenye kompresa, ikiwa na kiboksi cha barafu ndani ya mlango uleule, huwa haina ubaridi sawa kote: mboga za nyuma zinaganda huku maziwa ya mlangoni yakiwa vuguvugu. Nunua kipimajoto kidogo ukiweke ndani.

Kama unaondoka likizo ya Desemba, mabweni mengi hutaka friji itolewe kwenye umeme na iachwe wazi. Anza siku moja kabla, utandike taulo chini, uiache barafu iyeyuke yenyewe. Usiikwangue kwa kisu hata kama una haraka. Nyuma ya ule ukuta mwembamba kuna mirija ya gesi, na ukiitoboa friji imekwisha, tena nyingi za siku hizi hutumia gesi inayowaka moto.

Usifikirie kuja nayo nyumbani. Imetengenezwa kwa volti 120, na kwetu soketi inatoa 230 hadi 240. Ndiyo maana mwisho wa mwaka wa masomo friji nzima huuzwa kwa bei ya kutupa, na aliyeko tayari chuoni anaweza kukuwekea moja hadi Agosti. Ikibebwa imelala, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Kisha bana karatasi mlangoni na uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka, usiichukue.