Namna ya Kupanga Protini ya Siku kwa Mlo wa Kigoma

Mtu mzima mwenye afya anahitaji takribani gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 60 atahesabu gramu 50 hivi. Ndizo zinazojenga upya misuli, ngozi na damu, na kwa kuwa mwili hauna ghala la kuwekea protini kama unavyohifadhi mafuta, ni vyema zigawanywe katika milo ya kila siku badala ya kungoja nyama ya sikukuu.

Huku kwetu hesabu ianzie kwenye ugali. Gramu 200 za unga wa mahindi zina protini gramu 16 hivi, ilhali kiasi hichohicho cha unga wa muhogo hakifiki hata gramu 5, maana yake mla ugali wa muhogo hubebwa na mboga. Kosa ninaloliona mara nyingi si kukosa nyama, bali ni ugali kuwa mlima na mboga kuwa vijiko viwili vya mchuzi. Zaidi ya hayo, muhogo mchungu usiolowekwa na kuanikwa vya kutosha hubaki na sumu ya sianidi, ambayo mwili huiondoa kwa msaada wa asidi amino (vijenzi vya protini) zenye salfa, zitokanazo na protini, hasa ya samaki na mayai. Kitoweo kizuri hakifuti uzembe wa kuloweka, lakini asiyekuwa nacho huumia zaidi.

Dagaa wakavu ndio hazina yetu, kwani gramu 100 zake hubeba protini gramu 60 hivi, na konzi moja ya gramu 25 inatoa gramu 15. Ukifika mwalo wa Kibirizi au sokoni, chagua wanaong'aa kama fedha na wanaovunjika kwa mlio. Waliogeuka kahawia na kunuka mafuta yaliyochacha mara nyingi walinyeshewa kabla hawajakauka. Waliokaushwa kwenye kichanja huuzwa ghali kuliko waliokaushwa mchangani, lakini huokoa muda. Wa mchangani wapepete kwenye ungo, uwaoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne hadi mchanga usisikike tena chini ya sufuria, kisha uwaunge kwa kitunguu, nyanya na mawese kiasi. Wakiwa wametiwa chumvi, usiongeze nyingine.

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, na jikoni maharage yakashika zamu. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 hivi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemshe kwa moto mkali angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa sababu maharage mabichi yana sumu inayovuruga tumbo. Maharage na mahindi hufaana: mahindi yana upungufu wa lisini, asidi amino ambayo maharage yanayo kwa wingi.

Basi siku ya mwenye kilo 60 inaweza kwenda hivi: asubuhi uji wenye glasi ya maziwa na konzi ya karanga, gramu 15, mchana kikombe cha maharage, 15, jioni konzi ya dagaa, 15, ugali wa milo miwili, hata ukiwa wa muhogo, unamalizia zilizobaki. Yai moja huongeza gramu 6. Mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji zaidi, na mwenye ugonjwa wa figo afuate kiwango atakachopangiwa na daktari.

Mzee aliyevuka miaka 65 hufaidika na gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo, kwa kuwa misuli yake hupungua haraka, lakini meno ndiyo humwangusha. Kwake, kaanga dagaa wakavu bila mafuta, watwange kwenye kinu hadi wawe unga, kisha koroga vijiko viwili au vitatu ndani ya mchuzi wa maharage dakika chache kabla ya kuepua.