Unataka leseni ya akupancha Marekani? Anza na jimbo, chuo baadaye

Watu wengi wanaotaka kufanya kazi ya akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, Marekani wanaanza kwa kuuliza chuo gani kizuri. Swali hilo liweke pembeni kwanza, cha kwanza kujua ni utafanyia kazi jimbo gani, kwa sababu serikali kuu ya Marekani haina leseni ya akupancha, leseni inatolewa na jimbo na kila jimbo lina sheria yake, bodi yake, mtihani inaoutaka na hata jina unaloruhusiwa kubandika mlangoni. Leseni ya jimbo moja haivuki mpaka. Ukihama unaomba upya, na kuna mahali utakuta unarudishwa kwenye chumba cha mtihani na mvi zako kichwani.

Mbona vurugu hivyo? Mambo yalianza ghafla. Mwaka 1971 mwandishi James Reston wa New York Times alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo huko Beijing, akachomwa sindano kutuliza maumivu ya baada ya upasuaji, akaandika habari hiyo gazetini. Mwaka uliofuata Rais Nixon akaenda China na Wamarekani wakaanza kuulizia hizo sindano, huku sheria zao hazijui hata neno lenyewe. Basi kila jimbo likajibu kivyake. Nevada ikawa ya kwanza kutoa leseni, 1973. Lakini California mwaka 1974 bado ilikuwa inakamata watu, mchomaji sindano Miriam Lee alikamatwa Palo Alto kwa kosa la kufanya udaktari bila leseni na wagonjwa wake wakaja mahakamani kumtetea. Ukiona leo sheria za majimbo mawili jirani hazifanani, kumbuka kila moja ilitungwa kwa wakati wake na kwa hofu zake.

Sasa hatua yenyewe ya kwanza. Ingia kwenye tovuti ya bodi ya jimbo lako na utafute sheria, usiishie kwenye ukurasa wa maswali na majibu. Kwanza jua nani anakusimamia, maana sio lazima iwe bodi ya akupancha. California wana bodi yao kamili, New York ukurasa wako uko chini ya idara ya elimu ya jimbo, Texas mambo yako chini ya bodi ya madaktari. Majimbo karibu yote yana sheria, kwa miaka mingi waliokuwa wanatajwa kama hawana ni Alabama, Oklahoma na South Dakota. Na hapa kuna mtego, kukosekana kwa sheria ya akupancha sio ruksa ya kujichomea watu utakavyo, kwa sababu bodi ya madaktari inaweza kukugeukia ikasema kuchoma mtu sindano ni udaktari na wewe sio daktari, ndio kesi ya Miriam Lee hiyo.

Ukishajua jimbo, unagundua kwamba kuna njia kubwa mbili, ya California na ya wengine.

Wengine, yaani majimbo mengi sana, wanakubali mitihani ya NCCAOM, taasisi ya kitaifa ya kutahini iliyoanzishwa 1982 (siku hizi imebadilisha jina inaitwa NCBAHM ila watu bado wanatumia la zamani na sheria nyingi bado zimeandika la zamani, usichanganyikiwe). Mitihani inayotakiwa kwa kawaida ni mitatu, wa misingi ya tiba ya Kichina, wa akupancha yenyewe pamoja na kujua pointi za kuchoma ziko wapi mwilini, na wa baiolojia na tiba ya kisasa. Kuna wa nne wa dawa za mitishamba, na huu ndio watu wanauruka kwa kubana pesa halafu wanajuta, maana kuna majimbo ukitaka kuandikia wagonjwa mitishamba lazima uwe nao. Kama hujaamua utaishi wapi, fanya yote minne wakati vitabu bado viko kichwani.

California wao wana mtihani wao, CALE, na hawakuulizi habari za NCCAOM. Wanataka programu ya masaa yasiyopungua 3,000, kati ya hayo 2,050 ya darasani na 950 ya kliniki, na mitishamba imo ndani, sio hiari. Hapa ndo unaelewa kwa nini nilisema jimbo kwanza: mtu anasoma programu fupi ya akupancha tupu, nzuri kabisa, inakubalika jimbo alilopo, halafu mwenza anapata kazi Los Angeles na masaa hayatoshi. Kurudi kuziba pengo la masaa ya kliniki ukiwa na familia ni shughuli. Kwa upande mwingine aliyesoma programu ya California anahama kirahisi zaidi kwa upande wa masaa, ila mitihani ya NCCAOM bado atadaiwa huko anakokwenda. Kizuri cha CALE ni kwamba inafanyika kwa Kiingereza, Kichina au Kikorea.

Chuo sasa. Kitu kimoja tu cha kuangalia kabla ya ada na kabla ya picha za majengo: je, programu ina ithibati ya ACAHM, tume inayokagua programu za akupancha? Zamani ilikuwa inaitwa ACAOM, ni ileile. Angalia programu yenyewe na sio chuo kwa ujumla, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na ithibati ya masta na programu mpya ya pembeni isiwe nayo. Masta inachukua kama miaka mitatu hadi minne. Kozi za wikiendi za mtandaoni zinazokupa cheti chenye muhuri wa dhahabu, cheti hicho kitundike sebuleni, leseni hakikupi.

Kama ulisomea China au nchi nyingine, transkripti (orodha ya masomo na alama zako) lazima itoke chuoni moja kwa moja, sio mkononi mwako, ipite kwenye kampuni ya kutathmini vyeti vya nje, na hapo wanahesabu saa kwa saa somo kwa somo. Anza hili mapema sana, kabla hata ya kujiandikisha mtihani, kwa sababu ofisi ya masjala ya chuo ulichomaliza miaka kumi iliyopita haina haraka na wewe. Na majina! Kama kwenye cheti una majina matatu, kwenye pasi mawili na kwenye kitambulisho cha Marekani yamegeuzwa la mwisho likawa la kwanza, nyoosha hilo kabla hujatuma chochote, faili litakwama kwa ajili ya jina tu na hakuna atakayekupigia simu kukueleza.

Halafu kuna CNT, kozi ya usafi wa sindano, fupi tu lakini majimbo mengi yanaitaka na NCCAOM nayo inaitaka kwa cheti chake. Ifanye ukiwa bado mwanafunzi. Maombi yenyewe ni fomu, ada, matokeo yanayotumwa na watahini, na mara nyingi alama za vidole. Ukiulizwa kama umewahi kuhukumiwa jibu ukweli, kuficha kosa dogo la zamani kunaweza kukuharibia kuliko kosa lenyewe.

Umepata leseni, sasa unajiitaje? Sehemu nyingi ni L.Ac., yaani mwenye leseni ya akupancha. Florida sheria inakupa jina la AP, ambalo tafsiri yake ni kama tabibu wa akupancha, New Mexico ni DOM, daktari wa tiba ya mashariki. Usibebe jina la Florida ukalipeleka kwingine, na usijiite daktari hivi hivi, kwenye matangazo hasa, hilo ni kosa la kujitakia.

Mipaka ya kazi ndo sehemu ninayoona watu hawaisomi na ndiyo ina visu. Texas mgonjwa anatakiwa awe ameshaonwa na daktari au daktari wa meno, au ametumwa na mtu wa kairopraktiki (anayenyoosha mgongo kwa mikono) kwa masharti, ndipo umchome, isipokuwa kwa mambo yaliyotajwa kama maumivu sugu, kuacha sigara, kupunguza uzito na ulevi. Pennsylvania unaweza kuanza mwenyewe ila zikipita siku 60 na tatizo bado lipo, unahitaji uchunguzi wa daktari ndipo uendelee. Majimbo machache kama Florida na New Mexico yanaruhusu hata kudunga vitu fulani kwa bomba la sindano ukiwa na mafunzo ya ziada, kwingine ukifanya hivyo umevuka mstari. Chapisha ukurasa wa mipaka ya kazi ubandike ukutani, sitanii.

Na usije ukashangaa kukuta wasio na leseni yako wanachoma pia. Madaktari sehemu nyingi wanaruhusiwa, wengine kwa masharti, New York daktari anatakiwa kuwa na masaa 300 ya mafunzo. Wafiziotherapia wao wana kitu wanaita sindano kavu, sindano ni zilezile nyembamba ila wanasema wanalenga misuli na sio pointi za Kichina. Ugomvi wake haujaisha: Washington mwaka 2016 mwanasheria mkuu wa jimbo alitoa maoni kwamba haimo kwenye kazi ya fiziotherapia, North Carolina mwaka 2018 mahakama ya juu ikasema wanaruhusiwa. Maoni yangu, kwa mgonjwa aliyelala kitandani tofauti hiyo ni ya maneno zaidi, lakini kwako ni mkate, kwa hiyo jua jimbo lako liko upande gani. Kuna pia watu wa sikio, wanaochoma pointi tano za masikioni kusaidia walevi na watumiaji wa dawa za kulevya, njia iliyotoka Lincoln Hospital kule Bronx, hao majimbo kadhaa yanawaruhusu kwa mafunzo ya masaa 70 tu. Kama shida yako ni kusaidia kwenye vituo vya uraibu, njia hiyo inakutosha bila kusota miaka minne.

Kwenye sindano zenyewe serikali kuu imeingiza mkono. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 1996 iliziondoa kwenye kundi la vifaa vya majaribio, ikataka ziwe zimeuliwa vijidudu, zitumike mara moja tu, na ziuzwe kwa watu ambao jimbo limewatambua. Ukimaliza zinaingia kwenye sefti boksi, sio kwenye pipa la jikoni.

Bima nayo. Tangu Januari 2020 Medicare, bima ya serikali kuu ambayo hasa ni ya wazee, inalipia akupancha kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini, yaliyodumu wiki 12 au zaidi, mara 12 ndani ya siku 90, na 8 zaidi kama mgonjwa anapata nafuu, mwisho 20 kwa mwaka. Lakini mwenye L.Ac. hawezi kuidai Medicare moja kwa moja, unafanya chini ya usimamizi wa daktari au mhudumu mwingine anayekubalika, bili inapita kwake. Ukifungua kliniki ya peke yako ukitegemea wazee wa Medicare, piga hesabu upya.

Kuhuisha leseni: California ni masaa 50 ya kujiendeleza kila miaka 2, cheti cha NCCAOM ni pointi 60 za kujiendeleza kila miaka 4. Uliza jimbo lako kama linataka cheti hicho kiendelee kuwa hai au lilitaka tu uwe umefaulu mwanzoni, kuna watu wanalipia miaka na miaka kitu wasichodaiwa, na wengine wamekiacha kife kumbe leseni imekishikilia.

Siku leseni ikitoka, ingia kwenye tovuti ya bodi ujitafute mwenyewe kama mgonjwa angekutafuta. Angalia herufi za jina, anwani na tarehe ya kuisha, ukikuta kosa waandikie siku hiyohiyo, kwa sababu kampuni ya bima itaangalia hapohapo.