Jinsi ya kujifunza misemo ya Kiingereza bila kuumbuka kama mimi

Mdogo wangu yuko mapokezi kwenye hoteli moja Zanzibar. Juzi kanitumia picha za daftari lake la Kiingereza, neno la Kiingereza huku, Kiswahili chake kule, kurasa 12 zimejaa. Nikamwambia dogo hilo weka pembeni, tuanze upya.

Hatua ya 1. Tafuta kamusi ya wanaojifunza lugha, ya Kiingereza kwa Kiingereza. Mimi ni mtu wa Longman, ya kwenye intaneti ni bure, na maelezo yao wanayaandika kwa maneno ya kawaida kama 2,000 hivi, kwa hiyo hutafuti tena kamusi ya kuielewa kamusi. Tafsiri za mashine kwenye misemo sitaki hata kuzisikia.

Hatua ya 2. Andika maana kwa Kiingereza. Chukua "borrow" na "lend", kwetu yote kuazima, naazima kalamu kwako, nakuazima kalamu yangu. Daftarini ukiweka kuazima na kuazima basi jua iko siku utamwambia mtu "borrow me your pen" badala ya "lend me your pen", na dogo alishamwambia mgeni hivyo hivyo. Maana ya kamusi inakuonyesha nani anatoa na nani anachukua.

Hatua ya 3. Soma alama na sentensi za mfano, ZOTE. Hapa ndo nilipoumia. Miaka ile nilikuta "kick the bucket" kwenye orodha fulani, maana yake kufa, basi, nikakariri. Mwenzangu wa kazini, mzungu, akafiwa na baba yake, nami kwa roho safi nikamwandikia pole kuwa nimesikia "your father kicked the bucket". Siku 2 kimya. Kumbe ni sawa na kumwambia mfiwa mzee wako amekata kamba! Nilitakiwa kuandika "passed away", yani amefariki. Kamusi nzuri inaweka alama kama "informal" au "humorous" kabla ya maana, ukiiona hiyo usipeleke msemo msibani wala kwenye barua ya kazi. Na msemo haukarabatiwi, huwezi kusema "kick a bucket" kama ambavyo kwetu mzee amekula chumvi nyingi, hajala sukari nyingi.

Halafu angalia maneno yamekaaje. "Put off" ni kuahirisha, unaweza kusema "put off the meeting", lakini ukitumia "it" lazima iingie katikati, "put it off". Ukidhani umepata kanuni unakutana na "look after", kutunza, hiyo haipasuki, ni "look after him" tu. Maana peke yake haikwambii haya, mifano ndo inakwambia, kwa hiyo nakili angalau miwili kwa mkono, usipige picha.

Hatua ya 4. Tunga sentensi yako, ya jambo la kweli maishani mwako.

Hatua ya 5. Funika maana, jikumbushe kesho, siku ya 3, na baada ya wiki. Misemo 5 kwa siku inatosha.

Sentensi ya kwanza ya dogo ilikuwa "My boss puts off paying us every month." Sarufi safi kabisa, ila nimemwambia hilo daftari asilisahau pale mapokezi.