Somo: Kubandua seli chupani bila kuziua

Seli zinazoota juu ya plastiki zina mishiko miwili. Zenyewe kwa zenyewe hushikana kwa kadherini, protini zinazosimama imara pale tu penye kalsiamu. Upande wa chini, integrini, protini za kushikia zilizo juu ya seli, hushika fibronektini na vitronektini, protini zilizotoka kwenye seramu (majimaji ya damu yanayotiwa kwenye kioevu cha lishe) zikatanda juu ya plastiki. Kwa hiyo seli haishiki chupa. Inashika kilichotandikwa juu yake.

Vipimo ni vya chupa ya sentimita za mraba 25.

1. Anza seli zikiwa zimefunika asilimia 70 hadi 80 ya sakafu. Zikijaa pomoni hung'oka kama ganda.

2. Mwaga kioevu cha lishe, suuza mara mbili kwa mililita 3 za PBS (maji ya chumvi yenye fosfeti) isiyo na kalsiamu wala magnesiamu. Wengi huharibu hapa: seramu ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, na mabaki ya seramu yanaidhoofisha.

3. Weka mililita 1 ya tripsini ya asilimia 0.25 yenye EDTA, kwenye nyuzi 37, dakika 2 hadi 5. EDTA ni kemikali inayonyakua kalsiamu: kadherini zinalegea, tripsini inapata pa kukata.

4. Chungulia kwa hadubini kila dakika. Seli iliyo tayari ni duara, ukingo unang'aa, na ukiinamisha chupa inateleza. Yenye mkia bado imeshika. Gonga ubavuni taratibu. Ukibamiza, zitatoka mabonge.

5. Ongeza mililita 3 za kioevu cha lishe chenye seramu asilimia 10, vizuizi vyake viizime tripsini, vuta na kusukuma kwa pipeti polepole, kisha gawa 1 kwa 3, yaani chupa moja kwenda chupa tatu mpya.

Maswali ya wanachama

Wakuu, dakika 10 zimepita na hazitoki.
Ama hukusuuza vizuri, ama tripsini imechoka. Ikikaa kwenye joto hujila yenyewe. Usizidishe muda. Imwage, suuza, weka mpya.

Napata mabonge yanayovutika kama kamasi.
Hiyo ni DNA ya seli zilizopasuka. Punguza muda wa tripsini na nguvu ya pipeti.

Kesho yake zinaelea, ingawa ziko hai.
Angalia chupa kwanza: plastiki ya kuoteshea bakteria haijatibiwa, seli nyingi hazishiki. Kama hutumii seramu, tandika fibronektini mikrogramu 1 hadi 5 kwa sentimita ya mraba.

EDTA peke yake inatosha?
Kwa seli zisizong'ang'ania, ndiyo. Tena ni bora ukitaka kupima protini za juu ya seli, maana tripsini inazinyoa.